Kile Kitu Kifuani

Mkanda wa mashine ulikatika mahindi ya watu yakiwa bado yanamiminika, ukamchapa Barnaba Osundwa ubavuni kwa nguvu zake zote. Alianguka juu ya magunia, akabaki amekaa hapo mdomo wazi, unga umempaka nyusi na masharubu. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walipiga kelele. Mmoja alikimbia mpaka nyumbani kwa Barnaba, nyuma ya kile kinu cha kusaga, kumwita mkewe.

Jepkosgei alikuja mbio, mikono yake bado inanuka maziwa ya ng'ombe aliyekuwa anamkamua.

"Umevunjika?"

"Sijui. Nikivuta pumzi inachoma."

"Basi usivute sana. Mitchel! Zima hiyo stima, ufunge mlango," alimwita binti yao.

Hospitali ya karibu na Chekalini walimpiga eksrei. Kijana aliyeisoma ile picha aliona mbavu mbili zimepasuka. Juu ya zile mbavu akaona pia kivuli ambacho hakukielewa, akaigeuza picha huku na huku kwenye mwanga, akamwita mwenzake, wakanong'ona. Hakumwambia Barnaba ni nini. Alimwambia tu aende Kakamega mjini akapigwe CT, ndiyo inayoonyesha vizuri. Barnaba alienda akiamini kwamba zile mbavu zilikuwa mbaya kuliko alivyodhani.

*

Daktari aliyempokea Kakamega aliitwa Navalayo, msichana mdogo kuliko Barnaba alivyotarajia, mwenye sauti ya chini. Aliita mgonjwa peke yake. Jepkosgei alibaki kwenye benchi, ameshika koti la mumewe mapajani.

"Mzee, mbavu zitapona zenyewe," daktari alisema. "Utameza dawa ya maumivu, na usibebe gunia kwa muda. Nimekuita kwa jambo lingine."

Akaigeuza kompyuta. Barnaba aliona duara kubwa la kijivu, na ndani yake vyumba viwili vyeusi.

"Hii nyeusi ni hewa. Haya ni mapafu yako, tunayaangalia kama mtu aliyekata mkate vipande. Sasa angalia hapa juu, upande wa kulia."

Katikati ya weusi kulikuwa na kidoa cheupe, kama chenga ya mahindi. Barnaba alinyoosha kidole akifute. Alidhani ni uchafu wa kioo.

"Hakifutiki, mzee," daktari alisema taratibu. "Kiko ndani yako."

Barnaba alirudisha kidole, akakificha kwenye kiganja cha mkono mwingine.

"Ni kansa?"

"Sijui. Sikufichi, sijui. Inaweza kuwa kovu la ugonjwa wa zamani, labda TB iliyopita bila wewe kujua. Watu wengi wanatembea na vinundu kama hiki na hawana shida yoyote. Na inaweza kuwa kansa inayoanza. Ulikuwa unavuta sigara?"

"Nilivuta sana nikiwa kijana. Niliacha msichana wangu alipozaliwa."

"Unakohoa? Umekonda?"

"Sina kitu. Mimi ni mzima. Ni mkanda tu ulinipiga."

"Najua. Ndiyo maana tumekiona kikiwa kidogo. Kina milimita tisa. Mahali kilipo, sindano ya kutoa kipande ni ngumu kufika, na inaweza kutoboa pafu. Kwa hivyo tutangoja miezi mitatu, halafu tupige picha nyingine tuziweke pamoja. Kovu halikui. Kansa hukua."

"Tutangoja," Barnaba alirudia. "Yaani niende nyumbani nikae nacho?"

"Ndio."

"Nikae nacho, nile, nilale, na sijui ni nini."

"Ni ngumu, mzee. Najua. Mama yuko hapo nje? Nimwite nimweleze?"

Barnaba aliutazama mlango. Alimwona mkewe kwa mawazo, na lile koti, na jinsi anavyomwangaliaga usoni kabla hajasema neno.

"Hapana. Nitamwambia mwenyewe."

Alipotoka, Jepkosgei alisimama. "Wamesema nini?"

"Mbavu. Zitapona zenyewe."

"Na mbona umekaa huko sana?"

"Walikuwa wanaandika," Barnaba alisema, akachukua koti lake.

*

Mbavu zilipona. Akarudi kusaga, na watu wakamwona ni yule yule. Lakini Barnaba hakuwa yule yule. Alipokuwa peke yake alipapasa kifua chake, chini ya mfupa wa shingo upande wa kulia, akibonyeza kwa vidole viwili, akitafuta. Hakuna kilichouma. Hakuna kilichovimba. Asubuhi kabla ya wateja kuja alipanda juu ya mizani ya magunia, akasoma uzito wake, akashuka, akapanda tena kuhakikisha. Jioni chakula kikibaki kwenye sahani alikimaliza kwa lazima, kwa kuwa alisikia kwamba kansa huanza kwa kumkatalia mtu chakula.

Mteja akikohoa kwenye foleni, Barnaba aligeuka haraka. Redio ikitaja mgonjwa yeyote, aliizima. Alianza kuwaza mambo ya ajabu: kwamba kile kitu kinamsikia, kwamba akicheka sana kitaamka. Mashine ikinguruma alipata nafuu kidogo. Ikinyamaza, hofu ilirudi ikakaa naye kwenye kile kibanda, pamoja na vumbi.

Mwishowe alishindwa kuibeba peke yake. Akaenda kwa ndugu yake mkubwa, Oliver, ambaye shamba lake lilipakana na la kwake. Alimkuta akinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Barnaba alimweleza yote akiwa amesimama upande wa pili wa ng'ombe, bila kumwangalia usoni.

Oliver aliweka pampu chini.

"Kwa mapafu?"

"Kwa mapafu. Lakini hawajasema ni kansa. Na usiambie mtu, tafadhali. Hata shemeji yako hajui."

"Ndugu yangu, hii si ya kunyamazia. Hii ni ya kuombewa."

"Omba. Lakini omba wewe mwenyewe, kwako."

"Sawa," Oliver alisema. Na wakati ule alimaanisha.

*

Jumapili iliyofuata Jepkosgei alikaa kwenye viti vya akina mama, karibu na Milcah, jirani yao ambaye amekuwa akisaga kwao tangu mashine iwekwe. Kwaya iliimba. Matangazo yakasomwa. Kisha pasta akasogea mbele ya mimbari, akakunja mikono.

"Wapendwa, kuna jambo zito. Ndugu yetu Barnaba Osundwa, mnamjua nyote, madaktari wa Kakamega wamempata na kansa ya mapafu. Mzee Oliver ameniletea ombi hilo akiwa na uchungu mwingi. Barnaba, ndugu yangu, njoo mbele. Na mama yuko wapi? Mama Mitchel, njoo usimame na mume wako."

Kanisa lote liligeuka. Jepkosgei alisikia yale maneno, lakini yalimfikia polepole, moja moja. Kansa. Ya mapafu. Barnaba. Upande wa pili alimwona mumewe akiinuka, uso umempauka, akimtazama yeye na si pasta. Akajua hapo hapo kwamba ni kweli, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajaambiwa.

Milcah alimshika mkono. "Pole, mama Mitchel. Mbona ulikuwa unatuficha?"

Jepkosgei aliinuka. Nyuso zote za akina mama zilikuwa zinamngoja.

"Tulikuwa tunangoja majibu," alisema.

Akatembea mpaka mbele na kusimama kando ya mumewe. Mikono ya watu ikawaangukia mabegani na vichwani, mingi, mizito, yenye joto. Alifumba macho kama ilivyotakiwa. Hakuomba chochote. Alikuwa anajiuliza Oliver amejua tangu lini.

*

Walirudi nyumbani moja kwa moja. Mitchel, aliyekuwa anafanya kazi kwenye duka la pembejeo hapo sokoni, alitumwa dukani kununua chumvi isiyohitajika.

"Nimeambiwa na pasta," Jepkosgei alisema. "Nimeambiwa mbele ya watu, kama mgeni aliyepita tu barabarani."

"Si kansa. Hawajasema kansa. Oliver ameongeza."

"Wamesema nini basi?"

Barnaba akamweleza: kile kidoa, milimita tisa, miezi mitatu. Maneno yalipoisha alikaa akiangalia viatu vyake vya kanisani.

"Oliver ulimwambia. Mimi uliniambia ni mbavu."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa ukishajua. Nilijua ukijua, itakuwa kweli. Nikiwa nacho peke yangu, nilikuwa naweza kusema labda yule daktari alikosea picha."

Jepkosgei alitaka kupiga kelele, lakini ghafla alichoka. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakagusana.

"Nionyeshe mahali."

Barnaba alichukua mkono wake akauweka chini ya mfupa wa shingo. Jepkosgei alibonyeza, akangoja. Alihisi shati, ngozi, mfupa, na moyo ukienda mbio chini yake.

"Mbona sisikii kitu?"

"Hata mimi sisikii kitu," Barnaba alisema. "Hiyo ndiyo inaniogopesha."

*

Tangu siku ile, foleni ilipungua. Hakuna aliyesema neno la ubaya. Watu walimsalimia Barnaba kwa sauti laini kuliko zamani, wakamuuliza anaendeleaje, wakapita. Ukiwaangalia ungeona debe la mahindi kichwani, na mwisho wa safari ni kinu kingine kando ya kituo cha maziwa.

Siku moja Milcah alisimama mlangoni na gunia lake dogo.

"Mulembe, mama Mitchel. Ni wewe unasaga leo?"

"Mulembe. Baba Mitchel ndiye anasaga. Ingia."

Milcah alichungulia ndani, akamwona Barnaba kwenye mashine, kitambaa kimefungwa puani kwa ajili ya vumbi.

"Oh. Basi wacha nirudi baadaye. Nimeacha sufuria kwa moto."

"Milcah," Jepkosgei alisema. "Kansa haiambukizwi na unga."

"Khai, mama Mitchel, nani amesema? Mimi sijasema hivyo. Ni vile watoto wananisumbua, wanasema ule unga wa kile kinu kingine ni laini."

Barnaba alisikia yote. Alizima mashine, iliyokuwa inazunguka bila mahindi ndani yake. Alikaa juu ya gunia tupu, akafungua kitambaa, akakikunja mara nyingi mpaka kikawa kidogo kama kiberiti.

Mitchel naye alikuwa na hofu yake. Alisoma kila kitu alichokipata kwenye simu, akaja nyumbani na majani ya stafeli yanayosemwa kutibu kansa, akayachemsha mpaka nyumba yote ikanuka. Kila asubuhi alisimama mbele ya baba yake mpaka kikombe kiishe. Barnaba alikunywa. Hakuamini yale majani. Aliyaogopa tu macho ya mtoto wake asipokunywa.

Kisha akaja Oliver. Alikaa sebuleni, akauliza kuhusu ng'ombe, akauliza kuhusu mvua, na Jepkosgei akamletea chai.

"Ndugu yangu," Oliver alisema hatimaye, "si kwamba nakutakia mabaya. Lakini ni vizuri mtu apange mambo mapema, akili ikiwa bado nzuri. Ule mpaka wetu pale mtoni haujawahi kuwekwa vizuri. Na huna kijana wa kiume. Tungeita mpima ardhi, tukamaliza, kila mtu ajue chake."

Barnaba aliweka kikombe chake chini. "Umekuja kunizika, Oliver?"

"Hapana! Naongea tu ukweli kama mkubwa wako."

Jepkosgei alitoka jikoni. Kikombe cha Oliver kilikuwa bado nusu.

"Shemeji, chai yako imepoa," alisema kwa heshima zote. Akakichukua kikombe, akakipeleka jikoni, na hakurudi na kingine. Oliver alikaa kidogo, mikono mitupu, kisha akatafuta kofia yake.

*

Asubuhi ya kwenda Kakamega kwa picha ya pili, Barnaba hakuonekana nyumbani. Jepkosgei alimkuta kwenye kibanda cha kusaga, amekaa kwenye kiti kando ya mashine iliyozimwa. Alikuwa amevaa suruali nzuri, lakini shati lilikuwa la kazi.

"Siendi," alisema.

"Kwa nini?"

"Leo mimi bado ni mtu mzima. Nimeamka, nimekula, nimetembea mpaka hapa. Nikienda kule nitarudi maiti inayotembea."

"Watu wameshakufanya hivyo."

"Watu si daktari."

Jepkosgei alisimama mlangoni, kitambaa cha kichwa kimefungwa tayari kwa safari.

"Sikiliza, baba Mitchel. Ukila naangalia kama umeshindwa. Ukikaa sana chooni najiuliza kama umeanguka. Ukipumua naskiza. Nimekuchunga kama ng'ombe mgonjwa, na sijui hata kama ni mgonjwa. Mimi siwezi kuendelea hivi. Kama ni kifo, nionyeshwe nikijue."

"Unataka nife?"

"Nataka nijue naishi na nini ndani ya nyumba yangu."

Barnaba alipangusa unga kwenye goti la suruali yake.

"Na yule mtamba wetu ameshaenda," Jepkosgei aliendelea, sauti yake ikilegea. "Aliyemnunua alimfunga kamba jana. Sikumuuza kwa ajili ya pesa ya picha ndio wewe ukae kwa kiti."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kitu kama kicheko kilimpita Barnaba usoni, kisha kikatoweka. Akainuka. Jepkosgei alimletea shati lingine, akamfunga vifungo yeye mwenyewe, kwa sababu vidole vya Barnaba vilikuwa havishiki.

*

Msichana wa mashine ya CT aliitwa Shiro. Alimpa Barnaba gauni la hospitali na kumwambia avue shati na suruali, kwa sababu ya vifungo na zipu. Gauni lilikuwa wazi mgongoni na kamba moja ilikuwa imekatika. Ili kufika chumba cha mashine ilibidi apite mbele ya benchi la watu wanaongoja. Barnaba Osundwa, ambaye alikuwa hajawahi kutoka nyumbani bila mshipi kiunoni, alipita akishikilia lile gauni nyuma kwa mkono mmoja, na mama mmoja mzee akageuza uso kumsitiri.

Akalala kitandani. Kitanda kikamwingiza kwenye tundu la mashine, na sauti isiyo na mtu ikasema: "Vuta pumzi ndani. Shikilia. Usipumue."

Alivuta, lakini pumzi ilimtoroka. Ilikuwa kama kujaribu kushika maji.

"Mzee, umepumua," Shiro alisema kutoka nyuma ya kioo. "Picha imetingishika. Turudie."

Walirudia. Pumzi ikatoka tena, na safari hii ikatoka na sauti, kama ya mtoto aliyelia akachoka. Shiro alikuja, akasimama kando yake.

"Unaogopa nini, mzee? Hii mashine haiumi."

"Si mashine. Naogopa mnachotafuta."

"Mimi natafuta picha nzuri tu. Hiyo ingine ni ya daktari." Alifikiri kidogo. "Umekuja na nani?"

Jepkosgei aliitwa, akasimama mlangoni. Alimwona mumewe amelala pale, miguu yake nje ya gauni ikiwa myembamba kuliko alivyoikumbuka. Lakini alizungumza kama mtu anayetuma mtu kisimani.

"Vuta vile unavutanga ukitaka kubeba gunia. Ukishaliweka begani, ndio unatoa."

Jepkosgei akatolewa nje, mlango mzito ukafungwa. Mashine ikasema. Barnaba akavuta, akalibeba lile gunia, akalishikilia, mpaka sauti ilipomruhusu.

*

Daktari Navalayo alipofungua mlango na kuita jina, Barnaba alisimama na kumshika mkewe kiwiko.

"Tunaingia wawili," alisema.

Picha mbili ziliwekwa pamoja, ya zamani kushoto, mpya kulia. Daktari alisogeza kiti chake karibu. Alivuta mstari mdogo juu ya kile kidoa, akaufuta, akauvuta tena. Jepkosgei aliangalia uso wake badala ya kompyuta, na alipoona midomo yake imebanwa, alijua.

"Kimekua," daktari alisema. "Kilikuwa tisa, sasa ni kumi na mbili. Na angalia kingo zake. Mwanzo zilikuwa laini. Sasa zina nyuzi nyuzi, kama mizizi."

Nje mtu alikuwa anauliza ni wapi pa kulipia.

"Kimeenda mahali pengine?" Barnaba aliuliza. Alishangaa kusikia sauti yake imetulia.

"Sijaona kingine. Pafu la kushoto ni safi. Tezi za katikati hazijavimba. Kiko peke yake, na bado ni kidogo. Siwezi kuapa ni kansa mpaka kitolewe, kiangaliwe maabara. Lakini kama kingekuwa kwa baba yangu, nisingekiacha hata wiki. Nitawaandikia muende Eldoret kwa daktari wa upasuaji wa kifua. Anaweza kukitoa pamoja na ile sehemu ya pafu."

"Mtu anaishi na pafu nusu?"

"Anaishi, mzee. Hatabeba magunia kama zamani, lakini anaishi."

"Na huo mkanda kama haungekatika?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Ungekuja hapa siku moja ukiwa umekonda, unatema damu. Na mimi ningekuwa sina la kukuambia."

Jepkosgei aliinuka ghafla, akasema "samahani," akatoka. Barnaba alimkuta nje kwenye mfereji wa maji, amejishikilia ukutani, ametapika chai yote ya asubuhi. Maji yalikuwa yanamwagika bure karibu na viatu vyake. Yeye aliyemtoa mumewe kwenye kiti, aliyemnyang'anya Oliver kikombe, alikuwa amesahau hata kufunga maji.

"Nilisema nataka kujua," alisema. "Sikutaka kujua. Nilitaka waniambie ni kovu."

Barnaba alifunga mfereji. Akachota maji yaliyobaki kwenye beseni la saruji, akamnawisha uso kwa mkono wake, polepole.

"Njoo," alisema. "Twende tungoje hiyo barua ya Eldoret. Nikikaa hapa nitabadilisha mawazo."

*

Eldoret walimpima tena, wakamngojesha, wakampima tena. Ndugu wa Jepkosgei waliokuwa wanaishi karibu na mji walimpa mahali pa kulala, na asubuhi ya upasuaji Jepkosgei ndiye aliyeweka sahihi pale palipoandikwa kwamba mgonjwa anaweza asiamke. Kalamu ilikataa kuandika. Akaisugua kwenye kiganja, akaandika tena, akifikiri kwamba labda ile kalamu inamwonya. Kisha akakaa. Alisali kwa Kinandi, lugha ya mama yake, kwa sababu Kiswahili chote kilikuwa kimempotea. Kila mlango uliofunguka ulimwinua kutoka kwenye kiti, na kila mara liliitwa jina la mtu mwingine.

Barnaba aliamka akiwa na mrija wa mpira umetoka ubavuni na maumivu ambayo hakuwa na jina la kuyaita. Aliamka, hata hivyo. Majibu ya maabara yalipokuja, yalisema ilikuwa kansa. Yalisema pia kwamba kingo za kile kipande zilikuwa safi, na tezi zilikuwa safi. Daktari wa upasuaji alimwambia hahitaji dawa nyingine kwa sasa, ila atakuwa akipigwa picha kila baada ya miezi sita.

"Mpaka lini?" Jepkosgei aliuliza.

"Miaka michache. Halafu mara moja kwa mwaka."

"Na kila mara tutakuwa tukiogopa hivi?"

Daktari yule alikuwa mtu wa makamo, mwenye haraka. Lakini swali lilimsimamisha.

"Ndio, mama," alisema. "Watu wengi huogopa."

Walirudi Chekalini. Barnaba hakuweza kubeba gunia, kwa hivyo Jepkosgei na Mitchel ndio waliobeba, na yeye akakaa kwenye mashine akishika mfuko wa unga unapojaa. Watu walikuja kumwona, wengine wakitafuta dalili za kifo usoni mwake, wasizione, wakaondoka kama waliodanganywa. Milcah alirudi na debe lake, akazungumza maneno mengi ya kumshukuru Mungu, na hakuna mtu aliyetaja ule unga laini wa kinu kingine. Jepkosgei alimsagia. Wengine hawakurudi kabisa. Oliver alipita barabarani mara kwa mara akiinua kofia, na habari za mpaka zikafa.

Picha ya kwanza baada ya upasuaji ilikuja safi. Siku ile walinunua nyama, wakarudi nyumbani wakizungumza njia nzima.

Hazikupita wiki mbili. Walikuwa mezani jioni, jua bado halijazama vizuri, wamekaa watatu: Barnaba, Jepkosgei na Mitchel. Mbele yao kulikuwa na obusuma, ugali wa unga wao wenyewe, na mboga za majani zilizochanganywa na maziwa. Mitchel alikuwa anasimulia habari ya mteja aliyerudisha sumu ya panya dukani akidai haiui. Barnaba alikuwa anacheka. Katikati ya kicheko, akakohoa.

Alikohoa mara moja, kikavu, kisha mara ya pili.

Mitchel alinyamaza. Mkono wa Jepkosgei ulibaki hewani, tonge limeanza kupoa kwenye vidole. Barnaba mwenyewe alikaa wima, akiweka kiganja pale kwenye kovu, macho yake yakienda kwa mmoja na kwa mwingine.

"Ni chakula kimenipita vibaya," alisema.

"Ni chakula," Jepkosgei akasema. "Kunywa maji."

Akanywa. Akaweka kikombe chini, akasafisha koo, akamega tonge jingine. Mitchel alianza tena habari yake, kutoka mahali alipoachia, lakini kwa sauti ndogo. Jepkosgei alilisogeza bakuli la mboga karibu na mumewe. Hakumsikiliza Mitchel. Aliinamisha kichwa kidogo, akangoja kusikia kama atakohoa tena.